UZI MAALUMU: Filamu za zamani na za mataifa mengine, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Mleta uzi (Mbeya mjini)

Wakuu, salaam. Kamwene kwa ndugu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na wa Songwe karibuni pia.

Kila mara mtu akitaja filamu ya zamani ya Senegali, Japani au Irani, jibu ni lilelile: hizo muvi za wasomi, hazina stori, zinaleta usingizi. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kinyume chake. Filamu hizo zinahusu fedha iliyotumwa na ndugu ikagoma kutoka, binti aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, baba aliyeibiwa chombo cha kazi siku ya kwanza, wazazi waliosafiri kuwaona watoto wao wakakuta watoto hawana nafasi. Kuanzia Tunduma mpaka Iringa nani hayajui mambo hayo? Tunachokosea ni mahali pa kuanzia. Mtu anapewa filamu ya saa tatu kuhusu mawazo ya bwana mmoja wa Ulaya, analala, na hagusi tena kitu cha namna hiyo. Ushauri wangu ni mmoja: anza na filamu ambayo tatizo lake unalijua kutoka kwenu. Ukilijua tatizo, hutaona kwamba filamu inakwenda taratibu. Utaona inakupa muda wa kutazama.

Mimi ningemwanzisha kila mtu wa huku na La Noire de... ya mwaka 1966, ya Ousmane Sembène wa Senegali. Mtandaoni utaikuta pia kwa jina la Black Girl. Ni nyeusi na nyeupe, na haifiki hata saa moja na nusu. Diouana ni binti wa Dakar anayeajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Familia inarudi Ufaransa, inamwita Antibes, naye anakwenda na furaha yote, amevaa gauni zuri na viatu vya visigino. Akifika, watoto hawapo. Anapewa jiko, bafu na vyumba vya kusafisha, na Ufaransa yake inaishia ndani ya kuta za nyumba hiyo. Mama mwenye nyumba anamwambia avue vile viatu, yeye ni mfanyakazi.

Ndugu zangu, ni wasichana wangapi kutoka Makete, Mufindi, Kilolo na Ludewa wamepanda basi kwenda Dar kwa ahadi ya namna hiyo? Mjini mtu akitafuta dada wa kazi bado anasema "nitafutie wa Iringa". Tumeyasikia haya mpaka tumeyazoea, hatuyaoni tena. Sembène anatuwekea kamera ndani ya nyumba, upande wa binti, na tunasikia mawazo yake ambayo mabosi hawayasikii, kwa sababu mbele yao anaongea kidogo sana. Kuna tendo moja la kutazama kwa makini: inafika barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, basi bosi mwanaume anaisoma, kisha anachukua kalamu na kuanza kuandika majibu kwa niaba yake bila kumuuliza anataka kusema nini. Tazama uso wa binti. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Mwisho siwaambii, ila msiiangalie mkiwa mnafanya kazi nyingine pembeni.

Sembène mwenyewe hakutoka kwenye chuo cha sanaa. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akapigana vita ya pili upande wa Ufaransa, akabeba mizigo bandarini Marseille, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1956. Akaona kuwa watu anaowaandikia wengi hawasomi Kifaransa, wala hawasomi kabisa. Ndipo akaenda Moscow kujifunza filamu, akiwa mtu mzima anayekaribia miaka 40. Kwa hiyo anayesema filamu hizi ni za wasomi ajue kuwa huyu mzee aliingia kwenye filamu kwa ajili ya wasiosoma.

Mkimaliza hiyo, nendeni kwenye Mandabi, ya 1968, aliyoitengeneza kwa Kiwolofu. Ibrahima Dieng, mzee mwenye wake wawili na hana kazi, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Sehemu kubwa ya fedha hiyo si yake, anatakiwa kumtunzia kijana. Lakini habari zinafika mtaani kabla yake, majirani wanaanza kuja kukopa, duka linaanza kumkopesha. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe aliyozaliwa, na yeye haijui. Picha ya pasipoti, stempu, nauli ya kwenda na kurudi, na kila dirisha lina mtu anayemwambia aende dirisha lingine. Nimeiangalia na mzee wangu wa miaka sabini na kitu, aliyewahi kuzungushwa kwa sababu jina la kwenye kadi lilitofautiana herufi moja na la kwenye laini ya simu. Alikuwa anamjibu Dieng kwa sauti.

Tuendelee kuchangia. Nitajibu kila swali.

Binti wa Makete

Asante sana mleta uzi. Shangazi yangu mdogo alipelekwa Dar akiwa hajamaliza hata la saba, na hadi leo hazungumzii miaka ile. Naitafuta hiyo ya Diouana leo. Swali: kweli inafaa niiangalie naye, au nitamtonesha?

Mleta uzi

Dada, iangalie kwanza peke yako. Mwisho wake ni mzito kweli, na siyo kila mtu aliyepita njia hiyo anafaa kuwekewa mbele bila kuandaliwa. Ukiona inafaa, mwambie kabla inahusu nini. Kama hataki, mheshimu.

Fundi Mwanjelwa

Mkuu nakuheshimu, ila sisi tumekulia kibanda umiza. Muvi haina steringi, haina adui, naangalia nini? Kuna jamaa alinipa moja ya Mrusi, mtu anavuka bwawa lisilo na maji kashika mshumaa. Mshumaa unazimika, anarudi mwanzo, anawasha tena. Unazimika tena. Nikazima kompyuta.

Mleta uzi

Hiyo ni Nostalghia ya Andrei Tarkovsky, ya 1983, aliipigia Italia. Fundi, hukuanza vizuri, hapo ndipo nilipokuwa nazungumzia. Lakini ngoja nilitetee tendo hilo kidogo, kwa sababu nalipenda kwa moyo wote.

Lile tendo halijakatwa. Ni takriban dakika tisa, kamera inamfuata mtu mmoja mgonjwa aliyeahidi kuvusha mshumaa unaowaka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika muvi za kawaida wangekata: mkono, uso, mguu, kafika. Wakikata, unajua kuna mtu mezani aliyepanga mambo yaende vizuri. Wasipokata, mshumaa ukiyumba unayumba kweli, na mwigizaji kweli hana uhakika kama atafika. Mara ya tatu anapoanza, mimi huwa nashusha pumzi taratibu kana kwamba naweza kuuzima kutoka huku. Hofu uliyokuwa unaisikia kibandani steringi akining'inia ghorofani, imewekwa kwenye moto mdogo wa mshumaa. Ni ileile.

Sasa wewe, kwa kuwa unataka hadithi inayosukuma, chukua Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948. Kwa Kiingereza ni Bicycle Thieves. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli, na ya kwake iko rehani. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani yakawekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza kazini, akiwa juu ya ngazi anabandika tangazo, baiskeli inaibwa. Filamu iliyobaki ni baba na mtoto wake mdogo Bruno wakitembea mji mzima kuitafuta.

Hapo adui ni nani, Fundi? Tafakari hilo huku ukimfikiria kijana wa bodaboda wa Kabwe ambaye pikipiki ni ya bosi, hesabu ya siku inadaiwa, na pikipiki haionekani alipoiegesha. De Sica alikataa fedha za mtayarishaji wa Marekani aliyetaka mhusika mkuu awe Cary Grant. Akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. Mwangalie anavyotembea, mikono yake, koti lake. Nyota wa Hollywood asingeweza kutembea vile.

Fundi Mwanjelwa

Nimerudi. Nimeiangalia jana usiku na wife. Ile sehemu baba anampiga mtoto kofi, halafu anasikia kelele mtoni kwamba kuna mtoto anazama... Mkuu, nilisimama. Na mwisho pale nje ya uwanja wa mpira, sitasema kitu kwa ambao hawajaona. Wife anasema yule Bruno ndiye steringi. Nakubaliana naye.

Mleta uzi

Mpe salamu zangu shemeji. Amesema jambo ambalo wengi hawalioni. Irudie siku moja ukimtazama mtoto tu, kila anapogeuza macho kumwangalia baba yake.

Mwalimu wa Tukuyu

Wakuu, kikwazo kikubwa huku kwetu ni lugha. Filamu ni ya Kifarsi, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, mtazamaji anataka Kiswahili. Mimi nilifanya hivi: nikachukua projekta ya kuazima, nikawawekea wanafunzi filamu ya Abbas Kiarostami wa Irani, Where Is the Friend's House? ya 1987, nami nikasimama pembeni nikisoma maandishi kwa Kiswahili kwa sauti. Siyo kuongeza vichekesho kama wale wa muvi za kutafsiri, nilisoma tu kilichosemwa, na pasiposemwa kitu nilinyamaza.

Hadithi ni ndogo mno. Ahmed amebeba nyumbani kwa bahati mbaya daftari la mwenzake. Mwalimu ameapa kumfukuza mwenzake asipofanya kazi kwenye daftari hilo. Ahmed hajui rafiki anakaa nyumba gani, anajua kijiji tu, kiko ng'ambo ya mlima. Mama hamsikilizi, anamtuma hiki na kile. Basi mtoto anakimbia. Ile njia ya kuzigizaga mlimani, wanafunzi wangu walipiga kelele, kwa sababu vilima vyetu vya Rungwe ni hivyohivyo. Nadhani hakuna filamu nyingine waliyowahi kuona ambamo shule, daftari na hofu ya mwalimu ni jambo zito kiasi hicho.

Kisha babu yake Ahmed anaeleza kwa nini mtoto lazima anyooshwe: baba yake alikuwa anampa senti kila wiki na kipigo kila baada ya wiki mbili, na senti aliweza kuisahau ila kipigo hakuwahi kukisahau. Hapo tulijadili viboko mpaka kengele ikapita. Na mimi ni mwalimu, nilikuwa nimekaa upande wa kujibu.

Mleta uzi

Mwalimu, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Usomaji wako ni njia sahihi, na pasiposemwa kitu kunyamaza ni muhimu sana, kwa sababu Kiarostami anaweka mambo mengi kwenye ukimya na kwenye sauti za kuku, maji na upepo.

Nyongeza: mwaka 1990 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo lile la Koker walikopiga filamu. Kiarostami alikwenda na mwanawe kuwatafuta wale watoto kama wako hai, na safari hiyo akaigeuza filamu nyingine, And Life Goes On, ya 1992. Wawekee wanafunzi wako hiyo baada ya ile ya kwanza. Mwaka 1997 alipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa Taste of Cherry, lakini hiyo waachie watu wazima, inahusu mtu anayetafuta wa kumzika.

Kijana wa Iringa

Kamwene wakuu. Nasoma hapa Iringa, nina simu nzuri na marafiki wanaopenda kuigiza. Kila nikiwaza kutengeneza filamu naambiwa bila mtaji wa mamilioni siwezi. Hao wakongwe walipata wapi fedha?

Mleta uzi

Kijana, tafuta Pather Panchali ya Satyajit Ray wa Bengali, India, 1955, halafu soma ilivyotengenezwa.

Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo Kolkata. Mwaka 1950 ofisi ilimpeleka London, huko akaiona hiyo Bicycle Thieves niliyompa Fundi, akatoka na uamuzi wa kutengeneza filamu kwa namna ileile: mahali halisi, watu wasio nyota. Hakuwahi kuongoza filamu. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kushika kamera ya sinema. Watayarishaji walimkataa, akaweka rehani bima yake ya maisha na vito vya mkewe. Fedha zikaisha, kazi ikasimama miezi na miezi, hadi serikali ya jimbo la Bengali Magharibi ilipomsaidia kumaliza. Karibu miaka mitatu yote ilikwenda hapo, huku akiomba mtoto anayeigiza Apu, mvulana wa hadithi hiyo, sauti yake isivunjike na bibi aliyeigiza shangazi, mwenye miaka kama themanini, asife katikati.

Tendo maarufu ni Apu na dada yake Durga wakipita kwenye shamba la majani marefu yenye maua meupe ili waone treni. Walipiga nusu yake siku moja. Waliporudi baada ya siku kadhaa, ng'ombe wameyala maua yote. Ikabidi wangoje msimu wa mwaka uliofuata yachanue tena. Sisi tuliokulia karibu na reli ya TAZARA, tuliokimbia kuipungia mkono, tendo lile tunalielewa bila maelezo ya mtu. Na mvua yake! Watu wa Tukuyu nawaambia, hamjawahi kuona mvua imepigwa picha vizuri hivyo: kwanza wadudu juu ya maji ya bwawa, kisha tone moja kwenye upara wa mzee anayevua samaki, kisha yote inashuka.

Nakala zake za awali ziliungua kwenye moto London mwaka 1993, mafundi wa Bologna wakaja kuziokoa kipande kwa kipande, na toleo lililokarabatiwa likaonyeshwa mwaka 2015. Tafuta toleo hilo, usihangaike na zile nakala zenye ukungu.

Kwa hiyo kwa swali lako: simu yako inapiga picha safi. Alichokuwa nacho Ray na wewe unapaswa kukitafuta ni kijiji anachokitazama kwa subira.

Mama wa Njombe

Nimesoma uzi wote. Mimi si mtu wa filamu, ila mwanangu aliniwekea ya wazee wa Japani wanaokwenda Tokyo. Nimekaa nayo rohoni. Yule binti mkwe mjane anawahudumia kuliko watoto wa kuzaa. Na watoto wenyewe si wabaya, wana kazi, wana nyumba ndogo. Nilimpigia mwanangu wa Dar, sikumwambia kwa nini.

Mleta uzi

Shikamoo mama. Hiyo ni Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya 1953. Umesema vizuri kuliko mimi ningeandika: watoto si wabaya. Ozu hamhukumu mtu. Wazee wanatoka Onomichi, kijana ni daktari, binti ana saluni, na kila siku kuna sababu ya haki ya kutowatembeza. Mwisho wanawatafutia hoteli ya chemchemi ya maji moto huko Atami ili wapumzike, kumbe ni kuwaondoa nyumbani, na usiku kelele za vijana haziwaachi walale.

Wengine mkiiangalia tazameni kamera ilivyo chini, karibu na sakafu. Imewekwa kwa kimo cha mtu aliyekaa kwenye mkeka. Kwa hiyo hutazami wazee kwa juu, umekaa nao. Na kamera haikimbiikimbii, inakaa palepale hata watu wakishatoka chumbani.

Mzee wa Makambako

Mbona mnataja ya wenzetu tu? Ya kwetu hakuna?

Mleta uzi

Shikamoo mzee, ipo. Arusi ya Mariamu ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, fupi, inahusu mke mgonjwa na hofu yake kwa waganga wa jadi. Maangamizi ya Martin Mhando na huyohuyo Mulvihill, ya 2001, ambayo ndiyo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar kwa mara ya kwanza. Na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, Unguja ya miaka ya 1950, imepigwa kwa rangi na subira inayostahili kukaa meza moja na hao wote tuliowataja. Ninachotamani mimi ni ya kwetu kabisa: ya Kihehe, ya Kinyakyusa, ya Kikinga, yenye baridi ya Kitulo ndani yake. Sembène alipiga kwa Kiwolofu na dunia nzima ikamsikiliza.

Dereva wa guta, Soweto ya Mbeya

Bando langu ni dogo, sina la kupakua saa mbili. Niangalie ipi?

Mleta uzi

Ndugu, kuna moja kama vile imetengenezwa kwa ajili yako. Borom Sarret, Sembène huyohuyo, 1963, dakika kama 20 tu. Mwendesha mkokoteni wa farasi Dakar, siku moja ya kazi. Abiria wanapanda hawalipi. Mmoja kabeba mtoto aliyefariki anakwenda kuzika. Mwingine, bwana mwenye suti, anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, na trafiki yuko pale.

Ila kabla ya hapo kuna tendo ambalo nimebishana nalo na watu wengi: mchana, ana njaa, amepata fedha kidogo, anasimama kumsikiliza mwimbaji wa sifa anayemsifia mababu zake. Anamtolea mwimbaji fedha yote, akijua nyumbani hawajala. Iangalie usiku huu, kesho njoo utuambie: wewe ungempa?